Mita Thelathini na Nne

Kilifika Birere ndani ya gunia la viatu vya mtumba:
kioo kipana kama daftari la shule, waya umekatwa,
na kijitabu cha maandishi ambayo hata mchuuzi
aliyashika kichwa chini.
Nikakifufua kwa batri ya pikipiki
na siku tatu za kulehemu.
Ntakwinja akaja kukichukua, akanichukua na mimi.
"Wewe uliyekipasua tumbo ndiwe utakayesoma.
Sisi samaki tunawajua. Hayo mengine, hapana."

Basi nikakaa katikati ya mitumbwi mitatu
iliyofungwa pamoja kwa miti ya mikaratusi,
koleman zikilia shii juu ya maji,
na kile kidude cha kusikilizia
nimekifunga kwenye mpini wa jembe, kimezama,
kinagonga, kinasubiri, kinagonga.

Sauti inashuka kama mtoto aliyetumwa kudai deni.
Inarudi na ilichokikuta, au inarudi mikono mitupu.
Saa tano: vumbi la kijani, mita kumi na nane.
Saa sita: vumbi limekuwa wingu, wingu limekuwa ukuta.
"Sambaza!" nikasema, na koo likanitetemeka
kana kwamba ni mimi niliyewazaa.
Bahizi, mwenye kamba ya wavu, akatema mate majini.
"Tumewaona kabla yako. Tazama mapovu."
Kweli, mapovu yalikuwa yakipanda,
madogo kama punje za mtama.

Chini ya mita sitini, hakuna kitu.
Nikaongeza nguvu. Nikafuta kioo kwa shati.
Weusi ukabaki weusi, sakafu yenyewe haifikiki.
Ntakwinja akacheka:
"Huko ni mazuku ya majini, fundi.
Hata samaki anajua nyumba yake inaishia wapi."

Alfajiri upepo ukatusukuma kuelekea bandarini,
taa zimezimwa, beseni saba zimejaa,
watu wakihesabu pesa kwa midomo bila sauti.
Nilikuwa nimesahau kukizima.
Hapo sakafu ikaanza kupanda:
mia na hamsini, tisini, hamsini na mbili,
thelathini na nne,
na mstari mwekundu, mnene kama kidole gumba,
na chini yake mstari wa pili, kivuli cha ule wa kwanza,
kama mtu anayerudia neno kwa kuwa hakuaminiwa.
Kwenye kijitabu picha zilitosha:
tope hujibu mara moja, tena kwa uvivu.
Jiwe hujibu mara mbili.

"Ni lile la elfu mbili na mbili," akasema Bahizi.
Hakuwa ameangalia kioo.
"Liliingilia hapa. Maji yalichemka."

Nilikuwa na miaka sita.
Mama alibeba kichwa cha cherehani, miguu akaiacha.
Baba alirudi kufunga mlango kwa kufuli,
na mpaka leo ufunguo uko naye, mfukoni,
wa mlango uliolala chini ya barabara.
Miaka yote hii nilidhani lilitujia sisi.
Kumbe lilikuwa na kiu,
chumba chetu kilikuwa njiani tu,
likapita bila hodi, likaja kunywa,
likakoma hapa, chini ya matako yangu.

Juu ya ule mstari kulikuwa na nukta. Tatu, kisha nne.
Zimetulia. Si sambaza, sambaza hawatulii.
Nikaandika kwa penseli pembeni mwa kijitabu:
*34. Jiwe. Lina wapangaji.*
Bahizi akauliza beseni Kituku leo linakwenda bei gani.

Nililipwa nusu beseni.
Mama ameuliza kama ziwa lilikuwa na baridi,
nikasema ndiyo, kidogo.
Mengine sijamwambia bado.
Anakaanga, mafuta yanalia,
na mguu wake wa kulia, chini ya meza,
unakanyaga, unakanyaga
pedali isiyokuwepo.